Sura ya Nne: Kasha Lililokataa Duara

Kila kitu kilichomo ndani ya saa ya mkono kinadai duara. Magurudumu ya meno ni duara. Kamani imejiviringisha ndani ya pipa la duara. Gurudumu la mizani, lile linalopiga huku na huku na kutoa mlio wa tiki-taka, ni duara pia, na ncha za akrabu zikizunguka huchora duara juu ya uso wa saa. Hata maji yako upande huo huo. Mfuniko wa nyuma huzuia maji vizuri zaidi ukikazwa kwa kuzungushwa, kama kizibo cha chupa ya maji, na hakuna aliyewahi kutengeneza kizibo cha kuzungusha chenye pembe nne.

Ndiyo maana saa yenye pembe tatu, au yenye ubavu mmoja mrefu kuliko mwenzake, haitokei kwa bahati. Kuna mtu alikaa akaamua. Alijua kwamba fundi atanung'unika, vumbi litapata pa kupenyea, na kioo kikipasuka hakitapatikana kingine dukani. Pamoja na hayo yote akasema itengenezwe hivyo hivyo. Sura hii inawahusu watu walioamua hivyo tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha hadi miaka ya 1970 ilipobisha hodi, na saa walizotuachia: ndogo, nyembamba, za dhahabu, za kuvalia suti, zenye makasha yaliyochongwa kwa jicho la mchonga sanamu. Hoja yangu ni moja. Saa hizi zinatuvuta kwa sababu ukizitazama unauona uamuzi wa mtu, na uamuzi huo haukuwa na faida yoyote ya kiufundi.

Wembamba, dhahabu na mkono wa fundi

Kabla ya vita, saa ya suti ilikuwa imekwisha kupata kanuni yake. Mwaka 1932 kampuni ya Patek Philippe ya Geneva ilitoa namba 96, saa ya duara yenye kipenyo cha milimita 31 hivi, isiyo na mbwembwe, na saa nyingi za suti hadi leo ni wajukuu wake. Saa za pembe nne zilikuwapo pia. Iliyovuma kuliko zote ni Tank, aliyoibuni Louis Cartier mwaka 1917. Lakini hata Tank ni mtoto mtiifu: ungeweza kuikunja katikati, nusu moja ikailalia nyingine bila kuzidi wala kupungua.

Miaka ya 1950 ilileta wembamba. Mwaka 1955, ikiadhimisha miaka 200, Vacheron Constantin ilitoa mashine ya kutia ufunguo yenye unene wa milimita 1.64. Miaka miwili baadaye Piaget, kutoka kijiji cha La Côte-aux-Fées katika milima ya Jura, ikaja na yake ya milimita 2, iliyoitwa 9P. Mashine ya namna hiyo haijazi kasha. Huwekwa mahali pake, na dhahabu yote inayobaki kuizunguka ni mali ya mbunifu: aivute, aikunje, aichonge pembe, apendavyo.

Dhahabu yenyewe ilikuwa rahisi kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Hadi Agosti 1971 bei yake rasmi ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 za Marekani kwa wakia. Chukua kasha la gramu 15 la dhahabu ya karati 18. Dhahabu safi iliyomo haifiki gramu 12, na kwa bei ile thamani yake ilikuwa kama dola 13. Kilichogharimu kweli ni saa nyingi za mtu aliyeinama mezani na tupa mkononi.

Mtu huyo, mara nyingi, hakuwa mwajiriwa wa kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye uso wa saa. Geneva ilikuwa na karakana ndogo zilizojitegemea, kazi yao makasha tu, na kampuni kubwa zilipeleka huko michoro yao. Ukifungua mfuniko wa saa ya dhahabu ya jiji hilo unaweza kukuta chapa ndogo ya ufunguo yenye namba ndani yake. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha karakana. Mnunuzi wa kawaida aliishi na saa yake hadi akafa bila kuiona. Wapenzi wa saa za zamani leo huitafuta kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa inawaambia ni mikono ya nani iliyofanya kazi. Karakana ya Markowski, kwa mfano, inaheshimiwa kwa makasha magumu iliyoitengenezea Patek Philippe, yale ambayo hayana upande wa kuanzia wala wa kumalizia.

Dalili za uasi zilianza kuonekana kwenye yale masikio manne yanayoshika mkanda. Katika miaka ya 1940 Patek Philippe ilitoa namba 1593, ambayo mbavu zake zinabonyea katikati na kupanuka juu na chini. Wakusanyaji wakaibandika jina la shisha ya mchanga, ile ya kupimia muda. Ikaja namba 2441, ambayo masikio yake yanatawanyika kwenye pembe nne, ikaitwa Mnara wa Eiffel. Zote mbili zilitumia mashine iliyopunjwa pande ili ikae katika kasha refu. Zilikuwa zimeanza kucheza, ila zilicheza kwa adabu. Kushoto na kulia bado palilingana.

Kijana wa Geneva

Aliyevunja ulinganifu huo ni Gilbert Albert. Alizaliwa Geneva mwaka 1930, akasomea usonara katika shule ya sanaa na ufundi ya jiji hilo, na mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 25, akapewa kuongoza karakana ya ubunifu ya Patek Philippe. Ni jambo la kushangaza kwamba nyumba yenye heshima na tahadhari kama ile ilimkabidhi kijana kalamu na kumwacha achore. Albert hakuwa akitazama saa za majirani. Alimtazama Brancusi, mchonga sanamu, na namna alivyoweza kuliacha umbo likiwa na mstari mmoja tu usiopunguzika tena.

Saa zake za mwishoni mwa miaka ya 1950 hazina mfano katika yaliyotangulia. Namba 3424 ni pembenne iliyosukumwa ubavuni ikainama, kana kwamba inataka kuondoka mkononi. Namba 3412 inakaribia pembetatu. Ukiivaa mojawapo na kunyoosha mkono, macho hayajui yaanzie wapi. Duara halina mwanzo, kwa hiyo halikuulizi kitu. Umbo la Albert linakulazimisha ulizunguke kwa macho, ufike kwenye pembe, usite, ugeuke. Unapomaliza safari hiyo ndipo unapokumbuka kwamba ulikuwa unataka kujua ni saa ngapi.

Hapo pana ufundi usioonekana. Akrabu zinazunguka kwa mduara uleule, ziwe ndani ya kasha la duara au la pembetatu. Alama ya saa tisa na alama ya saa tatu lazima zikae pale ambapo mshale utapita, hata kama ukingo wa kasha upo mbali upande mmoja na karibu upande wa pili. Albert alizipunguza alama hizo zikawa vijiti vyembamba, akaacha uwanja mweupe. Anayeitazama saa haoni mvutano kati ya duara la mashine na pembe za kasha, ingawa mvutano huo ndio uliokula muda mwingi wa kazi.

Albert alitunukiwa tuzo ya Diamonds International Award zaidi ya mara moja, na mwaka 1962 akaondoka kwenda kufungua karakana yake ya vito. Alifariki mwaka 2019. Kipindi chake Patek Philippe hakikufikia hata miaka kumi, na saa alizochora zilitengenezwa kwa idadi ndogo, kwa sababu wateja wa nyumba ile walikuwa na mazoea ya duara na wengi wao hawakuyaacha.

Umeme wa Lancaster

Ng'ambo ya Atlantiki uasi ulikuwa na sura nyingine. Hamilton, kampuni ya Lancaster, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1892, ilijenga jina lake kwa saa za mfukoni za wafanyakazi wa reli. Hao walikuwa wateja wasiotaka mzaha. Saa ikikosea dakika chache, magari moshi mawili yanakutana kwenye reli moja. Tangu 1946 wahandisi wake walikuwa wakihangaika na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikisha sokoni: saa ya mkono inayoendeshwa kwa betri.

Ilipokaribia kuwa tayari, kampuni ilijiuliza swali la haki. Saa isiyotiwa ufunguo, isiyo na kamani, itaonekanaje? Ikiwekwa ndani ya kasha la duara, nani atajua kwamba ni kitu kipya? Kazi ya kujibu ikaenda kwa Richard Arbib, mbunifu aliyekuwa amechora magari, likiwamo Pan American la Packard la mwaka 1952. Hakuwa mtu wa milimita. Alizoea chuma kirefu chenye mapezi ya nyuma, chuma kinachoonekana kinakimbia hata kikiwa kimeegeshwa.

Januari 1957 ikatoka Ventura. Kasha lake la dhahabu ya karati 14 lina umbo la ngao yenye pembe tatu, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, na mbavu zimechongwa ngazi ngazi. Katikati ya uso wake unapita mstari wa kukunjamana, ule ambao mafundi umeme huuchora kwenye michoro yao, na alama za saa ni nukta. Bei ilikuwa dola 200. Sputnik ilikuwa bado haijarushwa. Ilipaa Oktoba ya mwaka huohuo. Wabunifu wa Marekani walikuwa wamekwisha kuivalisha nchi mavazi ya anga kabla anga haijafikiwa.

Mashine haikuwa na bahati kama kasha. Ndani yake koili ya waya mwembamba ilipachikwa juu ya gurudumu la mizani lenyewe, sumaku zikakaa karibu, na umeme ukapita kila vijiwaya viwili vidogo vilipogusana. Vijiwaya hivyo vilikuwa laini mno. Vilipinda, vililika, na mafundi saa waliolelewa kwenye kamani na meno hawakujua wavishike vipi. Saa nyingi zilirudishwa. Mwaka 1960 Bulova ikaja na Accutron, iliyohesabu wakati kwa uma wa chuma unaotetemeka mara 360 kwa sekunde, na teknolojia ya Hamilton ikapitwa. Mwaka 1969 kampuni iliziacha saa zake za umeme, na mwezi Desemba wa mwaka huohuo Seiko ikaanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi.

Sasa tazama kilichobaki. Betri ndiyo iliyokuwa habari, na kasha lilikuwa tangazo lake tu. Mashine ile leo ni ya makumbusho, lakini mwaka 1988 Hamilton iliirudisha Ventura sokoni, ikiwa na mashine ya kwatzi ndani, na hadi leo inauzwa. Elvis Presley aliivaa katika filamu ya Blue Hawaii ya mwaka 1961, na hilo liliisaidia. Hata hivyo mwimbaji mashuhuri hawezi kuifanya saa mbaya ipendwe kwa miaka sitini. Watu walinunua umbo, na umbo halikuharibika.

Hekaya ya ajali

Ukiuliza kuhusu Crash, saa ya Cartier ya London ya mwaka 1967, utasimuliwa ajali. Gari liligonga, likawaka, saa ya yai mkononi mwa dereva ikayeyuka na kupinda, mwenyewe akaipeleka dukani itengenezwe, na mkubwa wa duka akaupenda ule mpindo. Wengine watakutajia saa zilizoyeyuka za Salvador Dalí. Hadithi zote mbili ni tamu, na zote zinamnyang'anya mtu kazi yake.

Francesca Cartier Brickell, mjukuu wa Jean-Jacques Cartier aliyeongoza tawi la London, alieleza mambo yalivyokuwa katika kitabu chake The Cartiers cha mwaka 2019. London ya wakati ule ilikuwa imechangamka. Vijana walikuwa wakivaa na kucheza tofauti kabisa na wazazi wao, na wateja wakaanza kuomba saa isiyofanana na nyingine. Jean-Jacques alikaa na mbunifu wake Rupert Emmerson. Wakaichukua saa yao ndefu ya umbo la yai, wakaibana ncha zake, wakaivunja kiuno kwa mchoro. Kila mpindo ulipitia kwenye karatasi kabla haujafika kwenye dhahabu.

Tabu kubwa ilikuwa uso wake. Tarakimu za Kirumi zimenyumbuka kama nazo zimeungua, lakini akrabu hazijui mchezo huo. Zinazunguka duara lao la kila siku. Kwa hiyo kila tarakimu, hata iliyonyumbuka, ilipaswa kukaa ndani ya njia ya mshale, la sivyo mvaaji angesoma saa nne na robo wakati ni na nusu. Machafuko yale yamepimwa.

Crash za 1967 zilikuwa chache, zinazokadiriwa kuwa kama dazeni moja. Mwigizaji Stewart Granger alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo kabisa, akairudisha, ilimshinda. Mwaka 2022 moja ya saa hizo ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Bado wauzaji husimulia ajali, nami nadhani najua sababu. Ajali haina mwenyewe, na umbo la ajabu linatisha kidogo tukiambiwa kwamba mtu mwenye akili timamu, aliyekunywa chai yake asubuhi, alilitaka liwe hivyo.

Ukingo

Shika kasha la aina hii chini ya taa na uligeuze polepole. Usitazame uso wa saa. Tazama mahali ambapo ubavu unakutana na sehemu ya juu ya sikio. Kama kasha halijaguswa tangu litoke karakana, hapo pana mstari mkali, na mwanga ukifika juu yake unakatika ghafla: upande mmoja unang'aa, wa pili uko kivulini. Mstari huo ndio umbo. Ukiuondoa, kinachobaki ni dhahabu yenye uvimbe.

Na kuuondoa ni rahisi mno. Fundi mwenye nia njema, akimaliza kusafisha mashine, hulipitisha kasha kwenye gurudumu la kung'arishia ili mwenye saa aipokee ikimeta. Kila mara anapofanya hivyo dhahabu kidogo inakwenda na vumbi, na inaanza kwenda pale penye ukingo. Saa ya duara ikifanyiwa hivyo mara tano bado ni duara. Saa ya Albert ikifanyiwa hivyo mara tano imekufa, ingawa bado inakwenda.

Kwa hiyo wanunuzi wenye uzoefu husoma chapa kabla ya kusoma jina. Makasha ya Uswisi ya dhahabu ya karati 18 yalipigwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, na yale ya karati 14 yalipigwa kindi. Chapa hizo ndogo mara nyingi huwa kwenye masikio au ubavuni, pale pale ambapo gurudumu la kung'arishia hupita. Pua ya Helvetia ikiwa bado inaonekana, kasha lina uhai. Kichwa kikiwa kimebaki doa, rudisha saa kwa mwenyewe na umshukuru. Mikwaruzo isikutishe, ni historia ya uvaaji, na haijabadilisha umbo.

Nyingi hazikufika hata kwenye gurudumu hilo. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia, na lile kasha letu la dola 13 likawa na dhahabu ya zaidi ya dola 300. Saa za kwatzi zilikuwa zimejaa, saa ndogo ya kutia ufunguo ilionekana kitu cha mzee, na masonara wakawa wananunua makasha kwa uzito. Mizani haijui Markowski ni nani. Sehemu ya uadimu wa saa hizi leo imetokana na uchache wa zilizotengenezwa, na sehemu nyingine na tanuri.

Mteja wa nane

Kisichoweza kudaiwa juu ya saa hizi ni kwamba zina manufaa. Haziogi, hazipendi vumbi, na mkononi mwa mtu aliyezoea saa za milimita 42 zinaonekana ndogo hadi zinapozoeleka. Pete ya mpira ya kuzuia maji haikai vizuri kwenye pembe kali. Kioo chake ni cha plastiki kilichokatwa kwa kasha moja tu, na kikipotea fundi lazima achonge kingine. Anayetaka chombo cha kumwambia wakati ana simu mfukoni, nayo haikosei.

Leo ugumu wa kuchonga umekwisha. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zinaweza kukata pembe yoyote katika chuma chochote, kwa usahihi ambao mtu mwenye tupa hakuuota, na kurudia kazi hiyo mara elfu moja bila kuchoka. Kama tatizo la zamani lingekuwa ni mikono, madirisha ya maduka yangekuwa yamejaa pembetatu na ngao. Hayajajaa. Yamejaa duara, na maumbo mengi ya ajabu yaliyomo ni ya zamani yaliyorudishwa.

Audemars Piguet ni mfano mzuri. Kati ya 1959 na 1963 ilitoa miundo zaidi ya 30 isiyolingana pande, na mingi kati yake haikufikia saa kumi kila mmoja. Mwaka 2024 ikaufufua muundo mmoja wa mwaka 1960, ikatengeneza saa 250. Ule wa asili zilitengenezwa saba. Mwaka 2024 kila mtu kwenye meza ya mkutano alijua kwamba umbo lile linapendwa, kwa kuwa wakusanyaji walikuwa wamekwisha kulipigania. Mwaka 1960 hakuna aliyejua. Kilichokuwa kigumu wakati ule hakikuwa kuikata dhahabu, bali kupata mkurugenzi wa kutia sahihi kwenye umbo ambalo huenda lisingempata mteja wa nane. Alitia sahihi, mteja wa nane hakuja, naye akaidhinisha umbo jingine.